Picha Ipi Ichaguliwe PSA Inapopanda Tena: Ulinganisho kwa Wagonjwa wa Lamu na Malindi

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa upasuaji, au aliyetibiwa kwa mionzi, huendelea kupimwa damu kwa miaka mingi ili kiwango chake cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kijulikane. Kipimo hicho ndicho kinachotangulia kutoa habari iwapo saratani inarudi, mara nyingi muda mrefu kabla ya maumivu au dalili yoyote. Habari hiyo ikifika katika nyumba ya Mkomani au Langoni kule Lamu, au ya Shella na Maweni hapa Malindi, swali linalozuka ni moja: mzee apigwe picha gani, na apelekwe wapi? Kuna skani ya mifupa, kuna CT (eksirei inayopiga mwili tabaka kwa tabaka), kuna MRI (picha ya sumaku), na kuna PET (picha ya dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini) inayotumia dawa ya PSMA, na kila moja ina watu wanaoisifu.

Msimamo wangu ni kwamba picha bora ni ile inayolingana na namba ya PSA, na tiba aliyokwisha kupata mgonjwa, na tiba ambayo yuko tayari kuipokea baada ya jibu kupatikana. Mashine yenye sifa kubwa kuliko zote haimfai mgonjwa ikiwa jibu lake halitabadilisha hatua itakayofuata. Kwetu sisi wa Pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu safari ya kwenda kupigwa picha isiyofaa ina nauli ile ile na uchovu ule ule wa safari ya kwenda kupigwa picha inayofaa.

Namba ya PSA kwanza

Kwa aliyeondolewa tezi dume yote, PSA hutarajiwa kushuka hadi kiwango kisichopimika, kwa kuwa tezi iliyokuwa ikiitengeneza haipo tena. Ikipanda na kufika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari wengi huhesabu kwamba ugonjwa umerudi, ingawa hakuna kinachoonekana wala kuhisiwa mwilini. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi hesabu ni nyingine: tezi ingalipo na bado hutoa PSA kidogo, kwa hiyo hutazamwa kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa baada ya tiba, na ugonjwa huhesabiwa kuwa umerudi PSA inapopanda nanogramu 2 au zaidi juu ya kiwango hicho. Kanuni hiyo imekuwa ikitumika tangu mwaka 2006. Familia nyingi huchanganya kanuni hizi mbili, na mgonjwa wa mionzi mwenye PSA ya 0.6 hutiwa hofu kwa kulinganishwa na jirani aliyefanyiwa upasuaji, ilhali kwa mgonjwa huyo 0.6 yaweza kuwa matokeo mazuri kabisa. Isitoshe, baada ya mionzi PSA huweza kupanda kidogo kwa muda kisha ikashuka yenyewe, hasa katika miaka miwili ya mwanzo.

Pamoja na namba yenyewe, daktari hutazama kasi yake. PSA inayojizidisha maradufu kila baada ya miezi mitatu ina maana tofauti sana na ile inayochukua mwaka na nusu kufanya hivyo, na picha zote zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuonyesha kitu pale kasi inapokuwa kubwa. Kasi haiwezi kuhesabiwa kwa uhakika ikiwa kipimo cha Januari kilifanywa katika maabara moja ya Malindi, cha Aprili Mombasa, na cha Julai Nairobi, kwa kuwa maabara hazitumii mitambo iliyo sawa. Ndiyo maana ningemsihi kila mgonjwa apimwe mahali pamoja, na karatasi zote zenye tarehe zitunzwe katika faili moja.

Skani ya mifupa na CT zikilinganishwa na PET ya PSMA

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, na ndipo pesa nyingi hupotea.

Skani ya mifupa hufanywa kwa kudunga mshipani dawa yenye teknitiamu, ambayo nguvu yake ya mionzi hupungua nusu kila baada ya saa 6. Mgonjwa husubiri takribani saa tatu, akinywa maji na kukojoa mara kwa mara, kisha hulazwa chini ya kamera. Inayoonekana katika skani hii si saratani yenyewe. Dawa hukusanyika mahali ambapo mfupa unajijenga upya kwa kuchokozwa na kitu fulani, na kitu hicho chaweza kuwa saratani, lakini pia chaweza kuwa baridi yabisi ya magoti, uti wa mgongo uliochakaa, au mbavu iliyovunjika miaka mingi iliyopita. Wazee wetu waliovuta nyavu na kupakua mizigo ujana wao wote wana alama nyingi za namna hiyo, na kila alama huzaa wasiwasi na pengine picha nyingine ya kuthibitisha. Zaidi ya hayo, kwa aliyefanyiwa upasuaji ambaye PSA yake iko chini ya 10 na ambaye hana maumivu ya mifupa, skani hii ni nadra sana kuonyesha chochote.

CT nayo hutazama umbo na ukubwa. Tezi ya limfu, yaani kifundo cha kinga ya mwili na si tezi dume, huanza kutiliwa shaka inapofikia upana wa milimita 8 hadi 10, ilhali saratani huweza kukaa ndani ya tezi yenye milimita 4 au 5 ambayo kwa macho ya CT ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye PSA ya 0.4 akipigwa skani ya mifupa na CT, karibu hakika ataambiwa kwamba picha ni safi, naye atarudi nyumbani na faraja isiyo na msingi.

PET ya PSMA hufanya kazi kwa njia nyingine. Seli nyingi za saratani ya tezi dume hubeba juu ya utando wake protini iitwayo PSMA kwa wingi kuliko seli za kawaida. Hudungwa dawa yenye chembe inayonata kwenye protini hiyo, ikiwa imefungwa pamoja na galiamu au florini yenye mionzi, na baada ya muda wa saa moja au zaidi kidogo mashine huonyesha ni wapi dawa imenata, katika mfupa, katika tezi za limfu au penginepo, ikiunganishwa na CT inayofanywa katika kitanda hicho hicho. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, yenye galiamu, mnamo Desemba 2020.

Uwezo wake unategemea PSA. Utafiti wa vyuo vikuu viwili vya California, cha Los Angeles na cha San Francisco, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wanaume 635 ambao saratani yao ilikuwa imerudi. Miongoni mwa waliokuwa na PSA chini ya 0.5, ugonjwa ulionekana kwa asilimia 38. Kati ya 0.5 na 1 ulionekana kwa asilimia 57, kati ya 1 na 2 kwa asilimia 84, na kwa wenye PSA ya 5 au zaidi ulionekana kwa asilimia 97. Utafiti mwingine uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2020, ambao uliwahusu wanaume 302 waliokuwa bado hawajatibiwa, ulipata kwamba usahihi wa PET ya PSMA ulikuwa asilimia 92, na wa CT pamoja na skani ya mifupa asilimia 65, huku mionzi iliyoingia mwilini kwa PET ikiwa pungufu ya nusu ya ile ya picha hizo mbili. Wagonjwa wa utafiti huo wa pili hawakuwa wa saratani iliyorudi, kwa hiyo asilimia hizo zisihamishwe moja kwa moja kwa mzee ambaye ameshatibiwa, lakini mwelekeo wake ni ule ule.

Kwa takwimu hizi naona kwamba mtu mwenye PSA ya chini, mwenye nguvu za kupokea tiba nyingine ya kuponya, asipoteze safari kwa skani ya mifupa na CT. Akiweza kuifikia PET ya PSMA, hiyo ndiyo ya kuombwa.

Hata hivyo, asilimia 38 maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya wenye PSA chini ya 0.5 hawakuonekana na kitu. PET iliyo safi haithibitishi kwamba ugonjwa haupo. Huonyesha tu kwamba, kama upo, bado ni mdogo kuliko uwezo wa mashine. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu lina madhara makubwa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji, ambaye PSA yake imeanza kupanda, mara nyingi bado ana nafasi ya kuponywa kwa mionzi inayoelekezwa mahali tezi ilipokuwa, na mionzi hiyo hufaa zaidi ikianza mapema, PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa magonjwa ya mfumo wa mkojo unasema wazi kwamba PET isiyoonyesha kitu isiwe sababu ya kuchelewesha mionzi. Kusubiri PSA ipande hadi 2 ili picha ipendeze ni kuuachia ugonjwa muda wa kuenea, na familia ikiambiwa isubiri kwa sababu hiyo peke yake, ni haki yake kuomba maoni ya daktari wa pili.

Vilevile PET hukosea kwa upande wa pili. PSMA imo katika tezi za mate, figo na sehemu nyingine za mwili, na dawa huweza kunata kwenye mafundo ya neva, kwenye mbavu zenye hitilafu isiyo na madhara, au kwenye mifupa yenye ugonjwa wa Paget. Katika utafiti ule wa California, kati ya sehemu zilizotiliwa shaka kisha zikachukuliwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, asilimia 84 zilikuwa saratani kweli, maana yake nyingine hazikuwa. Doa moja la ubavuni peke yake lisimfanye mtu aambiwe kwamba saratani imeshaenea mifupani. Halafu wapo wachache ambao saratani yao haitoi PSMA ya kutosha, na kwao mashine hii haioni kitu hata ugonjwa ukiwa mkubwa.

Basi skani ya mifupa na CT zimebaki na nafasi gani? Zinamfaa mgonjwa ambaye PSA yake imeshapanda sana, tuseme makumi kadhaa, au anayeumwa na mifupa, au ambaye yeye na daktari wamekwisha kukubaliana kwamba tiba itakuwa ya sindano za kushusha homoni za kiume na si ya kulenga doa moja moja. Huyo anahitaji kujua kwa ujumla ugonjwa umefika wapi, na kuna mfupa gani ulio hatarini kuvunjika, na picha hizi mbili humpa jibu kwa gharama ndogo zaidi. Kumchangisha pesa ukoo mzima kwa ajili ya PET ambayo haitabadilisha sindano atakayopewa si kumtendea wema.

MRI: pale tezi ilipo au ilipokuwa

MRI ya nyonga hushinda picha nyingine zote katika kutazama kwa karibu eneo moja. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi, huonyesha kama ugonjwa umerudi ndani ya tezi yenyewe na upande gani, jambo ambalo ni la lazima kujulikana ikiwa kunafikiriwa upasuaji au tiba nyingine ya mahali hapo, ingawa hata hapo kipande cha nyama huchukuliwa na kupimwa kabla ya kuamua. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, huonyesha uvimbe mdogo karibu na pale kibofu kilipounganishwa na mrija wa mkojo. Eneo hili ni gumu kwa baadhi ya dawa za PET, kwa sababu dawa hutoka kwa njia ya mkojo, na kibofu kinachong'aa hukificha kilicho kando yake. Katika hali hiyo MRI na PET husaidiana.

Udhaifu wake ni kwamba MRI ya nyonga haisemi lolote juu ya mifupa ya kifua au tezi za limfu za tumboni juu. Haitumii mionzi, na inapatikana Mombasa bila kulazimika kupanda bara, lakini mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma chochote mwilini, aseme mapema, na mwenye figo dhaifu aende na kipimo cha kreatinini kabla ya kudungwa dawa ya kuongeza uangavu. Tahadhari hiyo ya figo inaihusu CT pia.

Kuna hali moja ambayo MRI haipaswi kusubiri kitu chochote. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume akipata maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea, kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, huenda uti wa mgongo unabanwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa MRI ya uti wa mgongo wote na tiba ya haraka. Saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena, na mtu asimweke nyumbani eti anangoja tarehe ya PET ya Nairobi.

PET si moja

Kosa lililo rahisi kufanyika ni kuomba "PET" bila kusema ni ya dawa gani. PET iliyozoeleka kwa saratani nyingi hutumia sukari yenye florini, iitwayo FDG, na saratani ya tezi dume kwa kawaida hainyonyi sukari hiyo kwa wingi, isipokuwa ile iliyokwisha kuwa kali sana. Mgonjwa aliyelipia FDG kwa kudhani ni PSMA amelipia picha ambayo huenda isimwambie kitu. Njia rahisi ya kutambua ni kwamba kwa FDG mtu huambiwa asile kwa saa kadhaa na hupimwa sukari, ilhali kwa PSMA kwa kawaida huruhusiwa kula na huhimizwa kunywa maji.

Kati ya PSMA ya galiamu na ya florini, tofauti kwa mgonjwa si kubwa, na mtu achukue ile inayopatikana. Aina moja ya florini, iitwayo PSMA-1007, hutoka zaidi kwa njia ya ini, kwa hiyo eneo la kibofu huonekana vizuri zaidi, lakini huonyesha vidoa vya mifupa visivyo na maana mara nyingi zaidi.

Kutoka kisiwani hadi kwenye mashine

Nguvu ya galiamu hupungua nusu kila baada ya dakika 68, na ya florini kila baada ya dakika 110. Kwa sababu hiyo dawa hizi hutengenezwa karibu na mashine na kwa saa iliyopangwa, na haziwezi kusafirishwa zikangoja Malindi. Nchini Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mashine za PET pamoja na mitambo ya kutengeneza dawa zake. Mgonjwa akichelewa, dozi yake imekwisha nguvu. Anayetoka Lamu kwa boti hadi Mokowe, kisha basi la kupitia Witu na Minjila, asipange kufika asubuhi ile ile ya picha. Na alale Nairobi usiku uliotangulia. Kabla ya kukata tiketi apige simu kuthibitisha kwamba dawa ya PSMA itatengenezwa siku hiyo, na aulize SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani na kama idhini inahitajika mapema. Rufaa iandikwe na daktari anayemtibu, akitaja PSA ya karibuni, tiba zilizopita na swali linaloulizwa.

Jambo la homoni liulizwe kabla ya safari. Sindano za kushusha homoni zikitangulia, PSA hushuka na madoa huweza kufifia, hata picha ikakosa kuonyesha kilichokuwapo. Ikiwa tiba haina dharura, mara nyingi ni bora picha itangulie na sindano ifuate, lakini aliyekwisha kuanza sindano asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Katika mwezi wa Ramadhani, picha zinazotaka maji mengi zisifanywe kwa mtu aliyefunga. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa yao, na anayeona uzito kula mchana aombe tarehe ya baada ya Idi, maana wiki mbili au tatu kwa kawaida hazidhuru kwa PSA inayopanda polepole. Baada ya skani ya mifupa au PET, kwa saa kadhaa mzee asimpakate mjukuu mdogo wala kukaa bega kwa bega na mwanamke mjamzito.

Anayemsindikiza asitoke hospitali na karatasi ya ripoti peke yake. Aombe na picha zenyewe katika diski, kwa sababu daktari wa mionzi wa Mombasa atazihitaji ili kujua mahali pa kuelekeza tiba, na PSA ikipanda tena baada ya miaka, picha za sasa ndizo zitakazoonyesha kipi ni kipya na kipi kilikuwapo tangu zamani.